Anguko Lisilotokea: Kazi ya Chale wa Barafuni

Walimu wenzangu, wanafunzi wa sanaa za maonyesho, na ninyi wageni mlioona tangazo la mhadhara kuhusu barafu hapa Nairobi mkaja kuhakikisha kama tuna akili timamu: karibuni.

Mtu nitakayemzungumzia kazi yake ni hii. Anavaa viatu vyenye ubapa wa chuma, anaingia katikati ya uwanja wa barafu mbele ya watu waliolipa kiingilio waone uzuri, na kwa dakika tano au sita anawaaminisha kwamba yeye peke yake, kati ya wote waliomtangulia, hajui kuteleza. Suruali inampwaya. Kofia inamtoka. Anakimbia kwa nguvu zote na bado yuko palepale. Mguu mmoja umeamua safari, wa pili haujapewa habari. Watoto wanapiga kelele kumwonya. Baadaye anatoka, taa zinafifia, anaingia binti aliyevaa nguo za kumetameta, na ukumbi unanyamaza.

Wengi humchukulia chale huyu kuwa kiziba pengo, na ni kweli kwamba mara nyingi huingizwa wakati mafundi wanabadilisha mapambo nyuma ya pazia. Jina lake huwekwa chini katika karatasi ya ratiba. Mimi nadai kwamba katika onyesho zima yeye ndiye anayesema kweli kuhusu barafu. Wengine wote wamelipwa kuificha. Sanaa ya kuteleza kwa madoido imesimama juu ya siri moja, kwamba mahali pale hapafai kusimama binadamu. Na kadiri mtelezaji anavyokuwa bora, ndivyo tunavyosahau siri hiyo, hadi tunaanza kuiona barafu kama sakafu tu iliyopakwa rangi nyeupe. Akija chale, tunakumbushwa. Tukishakumbushwa, yule binti anayemfuata anaonekana anafanya muujiza.

Nianze na mwili, kwa kuwa huko ndiko kwenye utajiri wa habari.

Wale waliowahi kuingia kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, kwenye Barabara ya Mombasa, uliofunguliwa mwaka 2005, wanamjua mtu ambaye chale anamwigiza, kwa sababu wamewahi kuwa yeye. Magoti yamekakamaa. Kiuno kimekunjika, makalio yamebaki nyuma, macho yako miguuni, na mikono inatafuta ukuta. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Hofu ndiyo mwalimu. Mtu akiogopa kuanguka hunyoosha magoti ili ajione mrefu na imara, na hapo ndipo anapojimaliza. Ubapa wa kiatu cha kuteleza haukunyooka kuanzia kisigino hadi kidoleni. Umepinda kidogo kama tumbo la mtumbwi. Magoti yakikakamaa uzito unarudi visiginoni, mtumbwi unainuka mbele, miguu inatangulia, na mwenye miguu anabaki nyuma akielekea chini. Ndiyo maana neno la kwanza la kila mwalimu wa kuteleza, popote duniani, ni kunja magoti.

Sasa fikiria shida ya chale. Anatakiwa aonyeshe yote hayo bila kuwa nayo hata moja. Akikakamaza magoti kweli, ataanguka kweli, tena kabla ya wakati, mahali pasipopangwa, labda mbele ya mwenzake anayekuja kwa kasi. Kwa hiyo anajigawa. Kuanzia kiunoni kwenda chini ni fundi: magoti laini, vifundo vya miguu vinasikiliza. Kuanzia kiunoni kwenda juu ni mwanagenzi aliyeshikwa na kiwewe. Suruali ile pana ambayo sisi tunaicheka kwa upana wake ina kazi ya kuficha magoti yaliyokunjika. Nimewaona wanafunzi wetu wakivaa suruali za namna hiyo jukwaani kwa sababu tu ndivyo machale wanavyovaa. Vazi la chale likichunguzwa vizuri lina sababu, na sababu hiyo aghalabu ni ya kiufundi.

Ubapa wenyewe una unene wa kama milimita 4, na katikati umechongwa mfereji mwembamba, ukaacha kingo mbili, ya ndani na ya nje. Mtelezaji mahiri karibu hasimami kwenye kingo zote mbili kwa pamoja. Anaegemea moja, na barafu inampeleka kwa mkunjo. Akiegemea nyingine, mkunjo unageuka. Mbele ya ubapa kuna meno ya kuchoma barafu, yanayomsaidia kuruka. Mwanagenzi hujikwaa kwenye meno hayo hayo. Chale hupanda juu ya meno hayo na kukimbia palepale kwa vidole, tap tap tap, mikono ikizunguka hewani, na watu huamini ameshindwa kupata mwendo, ilhali amesimama mahali ambapo barafu haiwezi kumchezea. Na ule mtikisiko wa kulia na kushoto, ambao kwa macho yetu ni mtu anayepoteza mizani, kwa kweli ni mabadiliko ya haraka ya kingo. Kila kuyumba kumechorwa. Ukiangalia alama alizoacha kwenye barafu baada ya kutoka, utaona mikunjo safi, ya mtu aliyejua aendako.

Tuje kwenye anguko lenyewe. Ninyi mnaofundishwa kuanguka jukwaani mnajua sheria: shuka kidogokidogo, gusa kwa nyama, usiguse kwa mfupa. Barafuni sheria ni hiyo hiyo pamoja na nyongeza mbili. Ya kwanza ni mikono, ambayo lazima ikunjwe ngumi na kuondolewa njiani, kwa sababu uwanjani kuna vyuma vya watu wengine. Ya pili ndiyo inayonivutia zaidi. Mbao za jukwaa zikikupokea zinakushika. Kishindo kinasikika, na anguko limekwisha. Barafu haikushiki. Msuguano wake ni mdogo mno, kwa hiyo mtu aliyeanguka kwa ubavu wa paja anaendelea kusafiri mita kadhaa akiwa amelala, na safari hiyo ni mali ya mchekeshaji. Anaweza kushangaa akiwa njiani. Anaweza kuvua kofia kumsalimu mama aliyekaa safu ya mbele, akapita. Anaweza kujaribu kusimama, akashindwa, na bado akawa anaendelea mbele kwa heshima zote. Kicheko cha ukumbini huanza pale anapogusa chini, na huzidi kadiri anavyokwenda. Mwigizaji wa jukwaa la mbao hana zawadi ya aina hii. Sitaki mjidanganye, hata hivyo, kwamba barafu ni mto wa kulalia. Kwa watelezaji wa madoido huwekwa kwenye nyuzi kama 3 hadi 5 chini ya sifuri, na chini yake kuna saruji na mabomba ya kupozea. Nyonga, goti na mfupa wa mkia wa chale huvishwa vitambaa vizito ndani ya nguo, na bado anaumia.

Jambo moja zaidi la ufundi, kisha tuingie kwa watu wenye majina. Sisi jukwaani tukitaka kimya, tunasimama. Mwigizaji anatulia, hadhira inatulia, neno linaiva. Aliye barafuni hawezi kusimama namna hiyo, maana kusimama kabisa kwenye viatu vile kunahitaji breki, na breki ni tendo linaloonekana na kusikika. Kimya chake kinapatikana akiwa kwenye mwendo: anaacha kusogeza kiungo chochote, macho yanatazama mbele, na mwili unaendelea kupelekwa, taratibu, kuelekea ukuta ambao yeye hajauona na sisi tumeuona. Hapo vichekesho vinapikwa ndani ya sekunde tatu au nne za mtu asiyefanya kitu. Kuna waigizaji wenye kipawa kikubwa ambao hawajawahi kuujua uwezo wa kutofanya kitu.

Henri Bergson, mwanafalsafa wa Kifaransa, mwaka 1900 alitoa kitabu juu ya kicheko, na kati ya mifano yake ya mwanzo ni mtu anayekimbia barabarani, akajikwaa, akaanguka, wapita njia wakacheka. Kwa Bergson tunacheka kwa sababu mwili wa binadamu umefanya kazi kama mashine: ulitakiwa ubadilike kulingana na hali, ukashindwa. Wengi wenu mmesomeshwa hoja hiyo, na wengine mmeinakili kwenye mitihani. Nami naiheshimu. Lakini ipeleke barafuni uone inavyolegalega. Chale wa barafuni anatuchekesha zaidi pale ambapo haanguki. Amekwenda nyuma kupita kiasi, mgongo unakaribia kugusa chini, kila sheria tunayoijua inasema amekwisha, kumbe bado yuko. Huo si mwili ulioshindwa kubadilika. Umebadilika kuliko tulivyodhani mwili unaweza, na kicheko chetu kina mshangao ndani yake, karibu na kile kinachotutoka mtoto mdogo anapokwepa mkono wa mama yake na kuponyoka na andazi. Bergson alimtazama anayeanguka. Sijui angeandika nini kama angewatazama Waswisi wawili ninaotaka kuwaeleza sasa.

Werner Groebli alizaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1915. Hans Mauch alizaliwa mji huo huo mwaka 1919. Mwaka 1937 walivuka bahari kwenda Marekani wakajiunga na kampuni iliyoitwa Ice Follies, wakijiita Frick na Frack. Frick ni kijiji cha huko Uswisi, na Frack ni koti refu la heshima ambalo Mauch alikuwa akilivaa katika michezo yao ya mwanzo. Waliunganisha majina hayo kwa utani tu. Utani huo ulikwenda mbali. Marekani, kwa miaka mingi, watu wawili wasioachana waliitwa Frick na Frack hata na wasemaji ambao hawakuwahi kuona barafu ya maonyesho wala kujua kwamba majina hayo yalikuwa ya watu.

Walikuta mazingira yanayofaa. Ice Follies ilikuwa imefungua pazia mwaka uliotangulia, 1936, huko Tulsa, Oklahoma. Waanzilishi wake walikuwa ndugu wawili, Eddie na Roy Shipstad, pamoja na rafiki yao Oscar Johnson, watu wa St. Paul, Minnesota, na Eddie na Oscar wenyewe walikuwa wachekeshaji wa barafuni. Hilo si jambo dogo. Kampuni iliyoanzishwa na machale haimfichi chale nyuma ya ratiba. Halafu kulikuwa na majengo. Miji mingi ya Marekani na Kanada ilikuwa na kumbi kubwa zilizojengwa kwa ajili ya mpira wa magongo wa barafuni, na usiku usio na mechi kumbi hizo zilibaki baridi na tupu, huku gharama ya kugandisha barafu ikiendelea. Mwaka 1940 baadhi ya wenye kumbi walikutana Hershey, Pennsylvania, wakaunda kampuni yao ya maonyesho, Ice Capades. Mwaka 1943, Toledo, Ohio, ikazaliwa Holiday on Ice, ambayo ilitembea na mitambo ya kutengenezea barafu yake yenyewe na hatimaye ikazunguka nchi nyingi. Kabla ya hayo yote alikuwepo Charlotte Oelschlägel wa Berlin, aliyeujaza ukumbi wa Hippodrome wa New York mwaka 1915. Na juu ya hayo yote alikuwepo Sonja Henie wa Norwei, bingwa wa Olimpiki wa 1928, 1932 na 1936, aliyeingia Hollywood na kuwafanya Wamarekani waitamani barafu. Hata Henie, malkia wa kumetameta, alitembea na mchekeshaji wake: Freddie Trenkler wa Vienna, mtu mfupi aliyepewa jina la mpira unaodunda barafuni. Henie alikuwa mfanyabiashara hodari. Hakumlipa Trenkler kwa huruma.

Turudi kwa Groebli. Yeye na Mauch waliingia uwanjani mara nyingi wakiwa na kaptula za ngozi zenye mikanda ya mabegani, mavazi ya wakulima wa milima ya Alps, na kazi yao kubwa ilikuwa kufanya mambo ambayo mwili haukuumbwa kuyafanya huku nyuso zikisema hakuna la ajabu. Tendo lililomjengea jina Groebli lilikuwa moja. Mtelezaji anageuza nyayo, kisigino kikitazama kisigino, vidole vikielekea pande mbili zinazopingana, na anateleza kwa duara katika hali hiyo. Hadi hapo ni pozi linalojulikana. Watelezaji wengi wa heshima hulifanya wakiwa wamenyooka, mikono imefunguliwa, kifua mbele. Groebli alilichukua pozi hilo la heshima akalikunja. Magoti yakatoka mbele, mgongo ukalala nyuma karibu sambamba na barafu, kichwa kikashuka, na yeye akaendelea na duara lake. Wenyewe waliliita kantileva, neno la wahandisi, la boriti iliyoshikwa upande mmoja tu.

Haya ndiyo yanayoendelea pale. Uzito wote wa mtu una kitovu chake, na kitovu hicho lazima kibaki juu ya mstari wa vyuma viwili, la sivyo ni chini. Mgongo ukirudi nyuma, kitu kingine lazima kiende mbele kwa kiasi hicho hicho. Kinachokwenda mbele ni magoti na mapaja. Misuli ya mapaja hubeba mzigo huo mtu akiwa amechuchumaa nusu, tena bila kutetemeka, maana vyuma vikitetemeka vinaacha ukingo. Jaribuni usiku wa leo kwenu, mmesimama kwenye zulia, mmevaa soksi. Zulia halisogei, na bado mtaona. Kisha ongeza mwendo, ongeza ubapa wa milimita 4, ongeza maonyesho ya kila usiku, msimu baada ya msimu.

Na hilo pozi linachekesha kwa nini? Nimelifikiria sana. Mtu aliyelala nyuma namna ile ameshaanguka kwa hesabu zetu zote; kilichobaki ni habari kumfikia. Yeye anapita mbele yetu akiwa katikati ya anguko, ametulia, anazunguka ukumbi, kila safu inapata zamu ya kumwona. Anguko limesimamishwa na kutembezwa. Huo ndio ukweli kuhusu barafu niliousema mwanzoni, umewekwa wazi kuliko binti wa kumetameta angeweza kuuweka, na umefanywa na mtu mwenye ufundi usiopungua wa binti huyo. Kanuni za mashindano za leo, kwa namna yake, zinakubaliana na chale huyu. Anguko, kwa kanuni hizo, ni pale uzito mwingi wa mwili unapobebwa na kitu kingine kisicho ubapa, yaani mkono, goti au makalio. Groebli alikwenda hadi sentimita chache za mpaka huo akapiga kambi.

Mwili ulitoza gharama. Mauch aliacha katika miaka ya 1950 kwa sababu ya ugonjwa wa mifupa, na alifariki mwaka 1979. Groebli aliendelea peke yake kwa jina la Bwana Frick hadi mwaka 1980, alipoumia na kustaafu. Alikuwa na miaka 65. Mwenye miaka 65 anayepiga kantileva barafuni si jambo la kupita haraka. Mwaka 1984 wawili hao waliingizwa katika jumba la kumbukumbu za watelezaji mashuhuri wa dunia, pamoja na mabingwa wa Olimpiki. Groebli alifariki Zürich mwaka 2008, siku chache kabla ya kutimiza miaka 93. Filamu mbili za Hollywood, ya 1943 na ya 1944, zinawaonyesha wakiwa vijana, na mwanafunzi yeyote hapa mwenye simu na data anaweza kuwaona. Mwangalieni Groebli magotini, msimwangalie usoni. Uso wake unajua mnamwangalia.

Kuna chale wa aina nyingine, ambaye uso hana kabisa.

Ice Follies, na baadaye Ice Capades, zilikuwa na mbwa. Snoopy, yule wa katuni za Charles Schulz zilizoanza kuchapishwa mwaka 1950, alikuwa akiteleza, na kwa miaka mingi ndani ya ngozi ile alikuwemo Judy Sladky. Huyu hakuwa mtu wa kuokotwa. Yeye na mwenzake James Sladky walikuwa mabingwa wa Marekani wa dansi ya barafuni mara tano mfululizo, 1968 hadi 1972, na washindi wa pili wa dunia mwaka 1970. Schulz mwenyewe alipenda barafu kiasi cha kujenga uwanja mjini kwake Santa Rosa, California, uliofunguliwa mwaka 1969, na katika katuni zake Snoopy huonekana barafuni tena na tena.

Wanafunzi huniuliza kwa nini bingwa wa taifa akubali kufichwa ndani ya mbwa. Swali hilo lina dharau ndani yake. Tazama kazi yenyewe. Kichwa cha mbwa ni kikubwa na kizito, kwa hiyo kitovu cha uzito kimepanda. Mtelezaji aliyezoea kujua mizani yake ilipo tangu utotoni anaanza kujifunza upya. Akizunguka, kichwa kile kipana kinapunguza kasi, kwa sababu uzito uliokaa mbali na mhimili huchelewesha mzunguko. Haoni miguu yake. Pembeni haoni kitu. Ndani kuna joto kali, nje kuna barafu. Na baada ya kuyashinda yote hayo, ndipo uigizaji unapoanza, maana kinyago kimegandishwa katika hali moja: hakicheki, hakinuni, hakikonyezi. Hisia zote zinahamia shingoni, mabegani, nyonga, na pembe ya miguu. Mbwa mwenye kiburi anateleza kifua mbele na hatua ndefu. Mbwa huyohuyo akiona aibu, magoti yanaingia ndani na mkia unashuka. Aliyefanya hivyo lazima awe mchezaji dansi wa daraja la juu kabisa, kwani mwili wake ndio uso pekee alio nao. Watoto waliokuwa ukumbini walimpenda Snoopy bila kujua jina la Sladky, na kwa kazi hii hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Naongeza hili kwa wasichana mlioko hapa: katika biashara iliyowapa wanawake almasi bandia na kuwapa wanaume utani, mmoja wa machale waliodumu sana alikuwa mwanamke, ila watu wengi hawakujua.

Mnaweza kusema hayo ni ya zamani, na kwamba kampuni kubwa za kuzunguka zimepungua. Ni kweli. Leo chale wa barafuni anaishi zaidi mahali pengine: katika gala, lile onyesho linalofuata mashindano, medali zikishavaliwa. Wiki nzima mtelezaji amehesabiwa kila mzunguko na kukatwa alama kwa kila kosa. Siku ya gala waamuzi wanakaa kama watazamaji wengine, na anayetaka utani anaruhusiwa. Si wote wanaouweza. Wengi huvaa wigi, huweka wimbo wa kuchekesha, kisha huteleza programu yao ileile ya mashindano, na kicheko kinaishia kwenye wigi. Kuna bingwa mmoja wa dunia aliyeuelewa mchezo: Kurt Browning wa Kanada, mshindi wa 1989, 1990, 1991 na 1993, na mtu wa kwanza kutambuliwa rasmi kwa kutua mruko wa mizunguko minne mashindanoni, Budapest, mwaka 1988. Miguu iliyofanya hivyo ndiyo iliyokuja kumwigiza chale katika maonyesho ya kulipwa, na pale ungedhani viatu vyake vimegombana. Hatua zake zilikuwa ngumu kuliko za mashindano, ila zimevishwa sura ya bahati mbaya. Aliendelea na maonyesho hadi mwaka 2023, akiwa amepita miaka 55.

Nimalize na samasoti, kwa sababu juu yake machale na waamuzi wana kesi ya muda mrefu. Mwaka 1976, kwenye Olimpiki ya Innsbruck, Mmarekani Terry Kubicka alipiga samasoti ya nyuma barafuni, na muda si mrefu ikapigwa marufuku mashindanoni. Iliyofukuzwa kwa waamuzi ikapokewa kwenye maonyesho. Scott Hamilton, bingwa wa Olimpiki wa 1984, aliifanya kuwa saini yake, akiichanganya na utani wake, na watu walimsubiri aipige kila usiku. Mwaka 1998, Nagano, Surya Bonaly wa Ufaransa aliipiga kwenye Olimpiki akijua ni marufuku, akatua kwa mguu mmoja. Kwa karibu miaka 50 samasoti ilikuwa mali ya wachekeshaji na waasi. Kuanzia msimu wa 2024/2025, chama cha kimataifa cha kuteleza barafuni kiliifuta marufuku hiyo. Sasa mtelezaji yeyote anaweza kuipiga mbele ya waamuzi bila kukatwa alama, na wengine wameshaanza. Wachekeshaji wamepokonywa chombo walichokitumia karibu nusu karne. Ikishakuwa halali, nani ataicheka? Wamebaki na anguko. Hilo bado linakatwa alama 1 kwa mara ya kwanza, na zaidi kwa wanaolirudia mara kadhaa, na sijasikia katika chama hicho mtu yeyote akipendekeza lisamehewe.

Nitapokea maswali.